Aliye Juu ya Mnazi Kabla ya Pampu Kufika

(Mhadhara kwa wakulima na wenye maduka ya dawa za kilimo, Kisauni, Mombasa)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ndugu zetu wa maduka ya dawa nawaona mmekaa karibu na mlango. Msikimbie, sijaja kuwaharibia biashara. Nimekuja kuzungumzia wadudu wanaolinda mazao yetu, ambao tunawaua wenyewe kwa dawa tunazopuliza.

Nianze na maji moto, wale chungu wa mitini wanaouma. Hakuna mtoto wa Pwani asiyewajua, na wengi wetu tuna alama zao. Siku moja wachungulie wakijenga. Wanajipanga mstari, wanavuta kingo za majani mpaka zikutane, kisha wenzao wanakuja wamebeba mabuu, yaani watoto wao, mdomoni na kuyapitisha huku na huku kama mshona kanzu. Uzi unatoka kwa buu. Chungu aliyekomaa hana uzi.

Huyu anayetuuma ndiye mlinzi wa mnazi. Kuna mdudu wa jamii ya kunguni, wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi, anayefyonza upunga, yaani maua ya mnazi, na vidaka, zile nazi changa kabisa. Anaacha makovu yanayotoa utomvu, na vidaka vinapukutika kabla ya kuwa vitale. Wadudu hao hata wakiwa wachache tu kwenye mti, mavuno yanaharibika. Utafiti uliofanywa Zanzibar miaka ya 1950 ulionyesha kwamba minazi iliyotawaliwa na maji moto huepuka sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Sasa mkwezi anapanda, maji moto wanamuuma, anashuka akilaani, na mwenye shamba anakwenda kuchukua pampu ya dawa. Dawa zinazoua kwa kugusa, kama saipamethrini, hazichagui. Maji moto wako mbioni juu ya mti mchana kutwa, kwa hivyo hao ndio wa kwanza kukanyaga sumu. Kundi moja hutapakaa miti kadhaa, lakini kwa kawaida malkia ni mmoja. Akifa, kundi linakwisha polepole. Na mti haukai mtupu. Wanapanda wale chungu wadogo wa kahawia wenye makao chini kwenye mizizi, Pheidole, ambao ni mahasimu wa maji moto na hawakulindii mnazi wako na yule kunguni. Kunguni mwenyewe ana mabawa. Atatoka shamba la jirani na kukuta mlango wazi.

Hao tunawaona kwa macho. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni tusiowaona.

Mwaka 1993, icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kiliachilia hapa Pwani nyigu mdogo mno aitwaye Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Asia kumwandama funza wa mabua wa mahindi, Chilo partellus, ambaye naye asili yake ni huko huko. Nyigu jike hufuata harufu ya kinyesi cha funza, akaingia kwenye tundu la bua na kumtagia mayai mwilini. Mabuu yanamla funza angali hai.

Fikirieni mwenye pampu akifika wakati huo. Funza yuko ndani ya bua, amejificha. Nyigu yuko nje, anatembea juu ya jani akinusa. Nani anapata dawa? Na hata asipokufa, dozi ndogo inaweza kumpumbaza: anatembea lakini hanusi vizuri, au anataga mayai machache. Mkulima akitafuta mizoga haoni kitu, anasema dawa yake haina madhara.

Wenzetu wa Indonesia walilipa kwa bei kali zaidi. Mashamba ya mpunga yalipulizwa mfululizo kumwua panzi mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu. Mayai yake yamo ndani ya shina, dawa haiyafikii. Waliokufa ni buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Kila walipopuliza, panzi walirudi wengi zaidi. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku dawa 57 zisitumike kwenye mpunga. Matumizi ya dawa yakashuka, na mchele haukupungua.

Mimi sisemi mtupe pampu. Nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 hachezewi, na mwenye maembe ya ngowe hawezi kukaa kumtazama. Lakini huyo ana chambo cha protini kinachopakwa sehemu moja ndogo ya mti, huna haja ya kuogesha majani yote. Viwavi wana dawa ya bakteria, Bt, ambayo lazima mdudu aile ndipo imdhuru; chungu anayepita juu yake hana la kuogopa. Mwarobaini nao ni mpole zaidi kwa nyigu kuliko saipamethrini, ingawa si maji ya kunywa. Wenye maduka, mteja akisema tu "nipe kali", muulizeni kwanza ni mdudu gani.

Nimepewa kikaratasi hapa: "Je, mkwezi wetu asiyetaka kupanda?" Ana haki, maji moto wanauma kweli. Mwongezeni ujira kwa usumbufu huo, kisha mpige hesabu ya vidaka vinavyobaki mtini dhidi ya bei ya chupa ya dawa. Na mjue pia kwamba maji moto hufuga wadudu wa magamba ili walambe utamu wao, kwa hivyo ukiona majani yanaingia weusi wa ukungu unaoota juu ya utamu huo, kata tawi hilo moja, usipulize mti mzima. Haya, aliyeinua mkono pale nyuma, karibu.