Eti nalipwa kuangalia meno ya farasi? Haya, leo nawajibu

Haya jamani, hamjambo huko Moshi na Arusha? Wakubwa zangu, shikamooni. Niko kwenye banda la kuwekea majani ya farasi, Newmarket, Uingereza, mvua inapiga bati, mnivumilie na sauti.

Swali ni lile lile kila video: "Dada, ni kweli Wazungu wanakulipa uangalie meno ya farasi?" Nikijibu, mtu ataandika najidai. Nikisema kazi ngumu, mwingine ataandika rudi nyumbani kama umechoka. Najibu hivyo hivyo.

Meno yana mtu wake. Anakuja na tupa ndefu na chuma cha kutanulia mdomo, na sindano ya kumtuliza farasi anachoma daktari wa mifugo. Mimi nafagia na kulisha. Ila anayefagia ndiye anayejua mapema.

Nilijifunza kwa aibu. Asubuhi moja nafagia kwa jike mmoja mzee, chini ya ndoo nakuta vibonge vya majani, vimelowa, vimesokotwa kama kidole. Nikamwambia msimamizi huyu katapika. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Farasi hatapiki, mwili wake hauwezi. Alikuwa anatafuna, inamuuma, anatema. Kwenye mavi yake, punje za shayiri nzima nzima. Alipofunguliwa mdomo, majani yamejibana katikati ya magego yanaoza, harufu ya dagaa waliosahaulika kwenye mfuko.

Jino la farasi linapanda kutoka kwenye fizi karibu maisha yake yote, kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na linasagika kwa kutafuna. Sasa taya la juu ni pana kuliko la chini, pembeni hapasagiki, panabaki ncha kali. Za juu zinachana shavu, za chini zinachana ulimi. Ndo unamuona anapinda kichwa akila, au anagombana na lijamu. Kamasi za kunuka zikitoka pua moja tu, usikimbilie kusema mafua, inaweza kuwa mzizi wa gego la juu umeoza. Na kuna wanaonenepa vizuri tu kumbe mdomoni ni vidonda, kwa hiyo hapa wanakaguliwa angalau mara moja kwa mwaka, aumwe asiumwe.

Sasa mimi. Viza yangu ya mwenza nimeilipia ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, zote kwa mkupuo. Jino likaniuma. Kliniki ya kwanza hawapokei wapya, ya pili hawapokei, ya tatu nikaandikwa kwenye orodha, hadi leo. Farasi ana tarehe yake ukutani! Na pasipoti anayo, ni sheria huku, hata punda lazima awe nayo. Yangu mimi niliifuatilia huko nyumbani kwa njoo kesho, njoo Jumatatu, hadi nauli ikaisha. Silalamiki, naeleza. Jino nililing'oa Moshi Desemba tulipopanda nyumbani, asubuhi nimeingia, mchana nakula mtori.

Desemba hiyo hiyo nikapita kwa mjomba Boma Ng'ombe. Punda wake mbavu nje, ameshampa dawa ya minyoo mara mbili. Nikainama pale anapolishwa: vibonge vile vile. Nikamwambia mjomba, ita bwana mifugo amtazame mdomo. Akanijibu nimerudi na Uzungu mwingi, punda tangu lini akaumwa jino.

Mimi si daktari, huyo ni punda mmoja na wako ana lake. Kukonda kuna sababu nyingi. Na tafadhali, msichukue tupa ya fundi mkaingiza mkono mdomoni mwa mnyama, gego lile halijui kidole na jani.

Mjomba, najua unaangalia, binti yako ndiye anakuwekea bando. Bwana mifugo alikuja, au bado?