Pomboo wa Milimani: Cheo cha Mrithi wa Kiti cha Ufaransa

Asanteni. Sogeeni mbele, viti bado viko.

Neno la leo ni Dauphin. Wafaransa hulitamka dofa, ile a ya mwisho ikipitia puani, na maana yake ni pomboo. Ndiye pomboo huyuhuyu anayeruka mbele ya mashua kule Kizimkazi. Tangu mwaka 1350 hadi 1791, na tena 1824 hadi 1830, mrithi wa kiti cha Ufaransa aliitwa hivyo, na kwenye nembo yake pomboo alichorwa pamoja na yungiyungi za wafalme. Anayelisikia mara ya kwanza hudhani ni jina la kumdekeza mtoto wa mfalme. Sivyo. Ni jina lililotokana na nchi, na nchi yenyewe haina hata pwani: ni milima ya Alps, upande wa kusini-mashariki, mji wake mkubwa ukiwa Grenoble.

Pomboo alifikaje mlimani? Karne ya 12 palikuwa na mwinyi wa Albon aitwaye Guigues wa 4, aliyefariki mwaka 1142. Dauphin lilikuwa jina lake la pili, jina la mtu tu, kama kwetu mtu anavyoweza kuitwa Simba. Wazao wake wakalishika, vizazi vikapita, jina likageuka cheo, na ardhi yao ikaitwa Dauphiné. Pomboo wa kwenye ngao alikuja baadaye, akilifuata jina.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha mhadhara. Bwana wa mwisho wa ukoo huo alikuwa Humbert wa 2. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, André, naye akafa angali mdogo. Humbert alikuwa mtu wa matumizi makubwa, mwenye madeni, na sasa hana wa kumwachia nchi. Akaanza kuiuza. Mapatano na mfalme Philippe wa 6 yalianza mwaka 1343, yakarekebishwa mwaka 1344, yakakamilika mwaka 1349. Nchi hiyo kisheria haikuwa hata sehemu ya Ufaransa, ilikuwa chini ya Dola Takatifu la Roma, lile dola la wafalme wa Kijerumani, hivyo ilikubaliwa isimezwe na ufalme bali ibaki na utawala wake. Humbert hakuwasahau wananchi wake: kabla ya kuondoka aliwaandikia hati ya haki zao. Kisha mwezi Julai, mjini Lyon, akamkabidhi madaraka mjukuu wa mfalme, Charles, mtoto wa miaka 11. Yeye mwenyewe akaingia utawa wa Wadominiko.

Angalieni: Charles alikuwa mjukuu. Aliyekuwa wa kwanza kurithi ni baba yake. Lakini mwaka uliofuata babu akafa, baba akawa mfalme, na kijana mwenye pomboo akajikuta mrithi. Baadaye naye akampa mwanawe wa kwanza cheo hicho, desturi ikashika mizizi.

Kwa hiyo cheo hiki kiliingia katika ukoo wa wafalme kwa sababu baba mmoja alifiwa na mwanawe wa pekee. Mimi nimesoma habari za akina Dauphin kwa miaka mingi, na sijaweza kulisahau kaburi la André, kwa sababu habari yake inajirudia.

Mchukueni Charles mwingine, yule ambaye Yoana wa Arko, msichana mpiganaji, alimwendea katika ngome ya Chinon mwaka 1429. Alikuwa mtoto wa tano wa Charles wa 6 kuitwa Dauphin. Kaka zake wanne walivaa cheo hicho kabla yake, wakafa mmoja baada ya mwingine. Baba yao alikuwa amefariki tangu 1422, lakini Yoana aliendelea kumwita Dauphin, kwa kuwa hajapakwa mafuta matakatifu. Alipompeleka Reims, mji walikotawazwa wafalme, tarehe 17 Julai 1429 na mafuta yakapakwa, hapo ndipo jina la mrithi lilipomtoka.

Nusura niisahau Versailles, kasri la wafalme. Aprili 1711 mwana wa Louis wa 14 alikufa kwa ndui. Cheo kikaenda kwa mjukuu. Februari 1712 surua ikamchukua yeye na mkewe ndani ya wiki moja. Kikaenda kwa kitukuu wa miaka mitano, Machi akafa. Akabaki mdogo wake, wa miaka miwili, naye mgonjwa. Mlezi wake, Madame de Ventadour, akamkumbatia na kuwakatalia madaktari waliotaka kumtoa damu. Mtoto huyo akapona, akawa Louis wa 15. Wafalme wanaandikiwa vitabu vizito, lakini mimi huwa namtaja mama huyu kila ninapopata nafasi.

Tarehe 4 Juni 1789, wajumbe wa taifa wakiwa wamekutana Versailles, Dauphin Louis-Joseph, mwana wa Louis wa 16 na Marie Antoinette, alikufa akiwa na miaka saba. Cheo kikaangukia kwa mdogo wake wa miaka minne, Louis-Charles. Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Mwaka 1790 Dauphiné yenyewe ilifutwa, ikagawanywa majimbo matatu. Mwaka 1791 katiba ikaliondoa na jina. Mwaka 1792 mtoto akafungwa na wazazi wake katika mnara wa Temple, Paris. Baba akauawa, akatenganishwa na mama, mama naye akauawa. Alikufa humo tarehe 8 Juni 1795, wa miaka 10. Daktari aliyeupasua mwili wake aliuficha moyo. Kwa miaka mingi wakajitokeza watu waliodai kuwa ndio yeye, hadi vinasaba vya moyo ule vilipopimwa mwaka 2000 na kulingana na vya ukoo wa mama yake. Ulizikwa Saint-Denis mwaka 2004.

Dada yake, Marie-Thérèse, alikuwa ghorofa ya juu katika mnara uleule, na hakuruhusiwa kumwona. Alitoka hai. Akaolewa na binamu yake, Louis-Antoine, na mwaka 1824, ufalme ukiwa umerudishwa, baba wa mume huyo alipotawala, Louis-Antoine akawa Dauphin akiwa mtu mzima wa miaka 49, naye Marie-Thérèse akaitwa Dauphine, cheo alichokuwa nacho mama yake kabla ya kuwa malkia. Mwaka 1830 mapinduzi yakaja tena; tarehe 2 Agosti, Rambouillet, mfalme na mwanawe walitia saini kukiacha kiti. Hapakuwa na Dauphin mwingine baada ya hapo. Mume na mke walifia ugenini, wamezikwa katika nyumba ya watawa ya Kostanjevica, ambayo leo iko Slovenia. Hawakujaliwa mtoto.