Kuchambua sentensi ya Kiswahili na Python: mwizi na fimbo

Haya bandugu, leo tunapatia kompyuta sentensi ya Kiswahili itutolee muti wake, nani anashikana na nani, na tufanye mbio mbele kurante iende, Goma munaijua.

Fungua terminale, andika pip install nltk (NLTK ni maktaba ya Python ya kuchambua luga), piga Enter. Kuna benye batakuambia ufanye na nltk.download(), wacha, hiyo inafungua dirisha la kushusha mafaili, ukichukua yote itakumalizia mega bure, sisi gramere tunaiandika wenyewe.

Sasa faili mupya. Juu kabisa import nltk, chini yake g = nltk.CFG.fromstring("""...""") na ku nafasi ya zile nukta unaweka hii, mistari yote:

S -> KN KT
KN -> N | N KH
KT -> T KN | T KN KH
KH -> U KN
N -> 'mama' | 'mwizi' | 'fimbo'
T -> 'alipiga'
U -> 'na'

Mushale ni "inaundwa na", ule mustari wa kusimama ni "ao". S ni sentensi nzima, N ni jina, T kitendo, U ni lile "na"; KN ni kikundi cha jina, KT cha kitendo, KH kile kinaanza na "na".

Kisha tunapatia gramere yetu ku parser, ni kusema programu ya kuchambua sentensi:

p = nltk.ChartParser(g)
for m in p.parse("mama alipiga mwizi na fimbo".split()): m.pretty_print()

Split inakata penye nafasi tu, basi, kwake "alipiga" ni kipande kimoja, ile a-li-piga haiione. Na ukiandika Mama na herufi kubwa inakutupia ValueError, juu hilo neno haliko mu gramere.

Anzisha. Munaona? Miti mbili! Ku moja KH iko chini ya KT, ni kusema mama alitumia fimbo. Ku ingine KH imeingia ndani ya KN ya mwizi, fimbo iko pamoja na mwizi. Kompyuta haijakosea, gramere yetu njo inaruhusu zote mbili, hata mutu angeuliza.

Unataka moja tu? Futa "| N KH". Sawa, muti mmoja. Lakini sasa ongeza 'dada' ku N na 'walipiga' ku T, jaribu "mama na dada walipiga mwizi": kimya, hata kosa haiandike, maana mama hawezi tena kushikana na dada. Mimi narudishaka ile N KH, heri miti mbili kuliko hakuna.

Ah na wale watapenda KN -> KN KH, inaenda na ChartParser, lakini RecursiveDescentParser, parser ingine ya NLTK, itajiita yenyewe mpaka Python ikatae.