Mada Haina Sauti: Mazungumzo na Vijana Kuhusu Makala za Redio

(Mhadhara uliotolewa Tononoka, Mombasa, mbele ya vijana wanaotaka kutayarisha makala za redio. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Assalamu alaikum. Hamjambo nyote. Walio nyuma, mwanisikia? Hizi feni zinanishinda. Kazi yangu ni kusikiliza, na nikiingia ukumbini nasikia feni kabla sijasikia watu. Mnisamehe, ni maradhi ya kazi.

Nimeambiwa nizungumze namna ya kupeleka wazo la makala kwenye redio ya vijana. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi. Mimi ndiye yule ambaye barua pepe yako inamfikia saa nne asubuhi, chai imepoa, na nyingine chungu nzima bado hajazifungua. Basi nitawaambia kinachotokea nikiifungua yako.

Mara nyingi nasoma mstari wa kwanza, naishia hapo. Mei 2024, serikali ya kaunti ilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, hapa Mombasa, nililetewa mapendekezo ya makala za muguka mpaka nikachoka. Karibu yote yalianza hivi: "Vijana wengi wa Pwani wameathirika na..." Nikawa najiuliza, hawa vijana wengi ni kina nani? Wanakaa mtaa gani? Hakuna hata mmoja mwenye jina? Kabla sijawajibu watu, mahakama ikasimamisha lile agizo, na wenye mapendekezo wakanyamaza. Mada ikafa. Watu wenyewe wakabaki palepale barazani, shavu limejaa. (Kicheko.) Mwacheka, lakini hakuna aliyeniandikia tena.

Muguka ni mada. Ajira ni mada. Afya ya akili ni mada. Mada kila mtu anazo, hata mimi ninazo, nazisoma gazetini. Na mada haina sauti, huwezi kuiwekea maikrofoni mdomoni. Ninachokitaka kwako ni mlango. Hapa mjini kuna mlango ambao wewe ukibisha hodi unaambiwa karibu, na mimi nikibisha naambiwa mwenyewe katoka. Labda ni gereji ya tuktuk anakofanya kazi binamu yako. Labda ni chumba wanachopambiwa maharusi, ambako mwanamume hatii mguu. Labda ni jikoni kwa nyanya yako. Huo ndio mtaji wako. Uzoefu ninao mimi, studio ninayo mimi, lakini jikoni kwa nyanya yako siingii.

Nitawapa mfano, na jina la mwenyewe silitaji.

Alinijia kijana mmoja wa Likoni, wa miaka ishirini na kitu, ameshika karatasi nne zimepigwa chapa vizuri. Kichwa: "Athari za Usafiri wa Feri kwa Uchumi wa Likoni". Kuna malengo makuu, kuna malengo mahsusi. Nikamwambia, hebu weka hizo karatasi chini. Wewe unavuka na nani?

Akasema, na mamangu, kila asubuhi. Anauza mahamri na mbaazi huku ng'ambo.

Mkiwa ndani ya feri mnazungumza nini?

Hatuzungumzi, yeye huwa ameshughulika na viatu.

Viatu gani?

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi. Akasema: mamangu akipanda feri huvua viatu. Ndoo ya mahamri mkono huu, viatu mkono huu, mpaka tushuke. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, sijui, ni mambo yake tu, tangu mimi mdogo.

Mimi nikaweka kalamu chini. Wakubwa mlioko hapa mshajua. Ijumaa, 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, ilipinduka, wakafa watu 272. Huyu kijana hakuwa amezaliwa. Karatasi nne alizoandika hazikuwa na neno moja la Mtongwe, na makala yenyewe ilikuwa imeshikwa mkononi na mamake kila asubuhi mbele ya macho yake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Angeniletea wazo linaloitwa "Ajali ya Mtongwe, miaka thelathini baadaye," ningemwambia ahsante, hiyo kila kituo hufanya siku ya kumbukumbu ikifika. Nilimwambia andika upya, sentensi tatu tu. Akaandika hivi: "Mamangu huvua viatu kila akipanda feri. Sijawahi kumuuliza sababu. Nataka nimuulize tukiwa tunavuka."

Siku ileile nikampa kinasa sauti.

Kwa nini? Kwanza, kuna mtu mmoja, na huyo mtu yupo, anapatikana kesho asubuhi. Pili, kijana mwenyewe hajui jibu, na msikilizaji hajui, kwa hivyo watavuka pamoja. Ukiniletea makala ambayo jibu lake unalo tayari, utakwenda kutafuta watu wa kukubaliana nawe. Tatu, na hili nalipenda kuliko yote, ile safari ya feri ni dakika chache. Ina mwanzo na mwisho. Feri ikigonga ng'ambo, mama anavaa viatu vyake na mazungumzo yamekwisha, utake usitake. Umbo la makala limetolewa na bahari.

Haya, tuje kwenye sauti. Ukiniletea wazo bila sauti ni kama muuza samaki anayekusimulia samaki. Niletee dakika moja. Simu inatosha, hata iliyopasuka kioo, mradi uishike shibiri moja kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu, isiwe mbele ya mdomo moja kwa moja maana herufi P itakulipukia. Na upepo, jamani! Mwajua kusi inavyovuma pale ufukweni Mama Ngina. Nimewahi kumhoji mvuvi pale muda wa saa nzima, nimefika studio nasikia upepo tu, na mvuvi kwa mbali kama yumo kisimani. Hiyo ilikuwa kazi yangu mwenyewe, hapana wa kumlaumu. Siku hizi natembea na soksi kwenye mkoba, safi lakini, naivisha maikrofoni. Mkinicheka chekeni, soksi imeniokoa mara nyingi.

Ukimaliza kumhoji mtu, mwambie nyote mnyamaze, uurekodi ule ukimya wa pale mahali, nusu dakika au zaidi. Kila mahali pana ukimya wake. Wa sokoni Marikiti si wa mtaani Kizingo. Huo ndio gundi ya kuunganishia vipande baadaye, na usipokuwa nao kila mkato utasikika kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Na faili lenyewe ulihifadhi likiwa zima. Ukinitumia kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti linabanwa. Kunionjesha linafaa, hewani halifai.

Na usiniletee sauti ambazo kila mtu angekuletea. Makala za Mombasa zinazofunguliwa kwa mawimbi na adhana nimezichoka. Ukifungua kwa yule muuza kahawa anavyogonganisha vikombe vyake, kila mzaliwa wa hapa ashajua yuko wapi na ni saa ngapi, hujatamka neno.

Kwenye ile makala ya feri tulianza na mlango wa feri unavyoteremka ukagonga saruji. Halafu nyayo. Ndala, mabuti, viatu vya shule, magurudumu ya mkokoteni. Tulikaa studio tunatafuta nyayo za mama katikati ya zile, hatuzipati. Fundi mitambo akasema, anti, mtu aliyevua viatu hana mlio. Tukatazamana. Sentensi hiyo ikaingia kwenye skripti ilivyo. Mbele kidogo unamsikia kijana anauliza, na mama anasema: "Dadangu alikuwa hodari wa kuogelea. Siku ile alivaa viatu vya kamba." Basi. Hakuongeza. Sekunde tisa hakuna anayesema kitu, injini tu. Fundi alitaka kuzikata hizo tisa. Tuligombana.

Kuhusu karatasi yenyewe sina mengi. Ukurasa mmoja. Zile sentensi tatu juu, kisha nani atasikika, utamrekodia wapi, wewe unamjua vipi, na utamaliza lini. Usiniandikie kwamba makala yako "itaelimisha jamii". Na usiniambie ni ya "vijana wote". Katiba yetu inasema kijana ni kuanzia miaka 18 hadi asiyefika 35. Wa 19 anasikiliza kwa simu huku anaandikiana na mtu, wa 34 ana watoto wawili na redio iko jikoni. Chagua mmoja, umwandikie yeye.

Kuna swali naulizwa kila mara, wengine wanaona haya kuliuliza: na je, mkiniibia wazo? Nijibu bila kuzunguka. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo likiwa wazo. Inalinda ulichokiandika, ulichokirekodi. Kwa hivyo tuma kwa barua pepe, ibaki na tarehe, usiishie kusimulia mgahawani. Lakini kinga yako kubwa ni ule mlango. Mada ya feri mtu angeiba mchana kweupe. Mama yule nani angemwiba? Hangezungumza na mimi. Alizungumza na mwanawe.

Na hapo hapo nataka kuwatisha kidogo. Mlango ukifunguliwa kwa sababu ni wewe, ukiuvunja umeuvunja wewe. Miaka ya mwanzo nilimrekodi mama mmoja Kongowea, muuza nyanya. Tulizoeana, akanichekea, akanieleza deni alilomficha mumewe. Nilikuwa na ruhusa yake ya kurekodi, kwa hivyo nikaona nimemaliza. Nikaipeperusha. Jina lake sikulitaja, lakini sauti ya mtu si kama jina? Mume hakusikia, alisikia rafiki wa mume. Nilipokwenda tena sokoni yule mama akanipa kisogo, na majirani zake pia, meza nzima ile. Sikuweza kufanya kazi sehemu ile tena. Tangu siku hiyo naomba ruhusa mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya mtu kusikia kile hasa kitakachokwenda hewani. Wazee wa kazi wengine wananiambia namharibia mwandishi uhuru wake. Sawa. Wao hawakupewa kile kisogo.

Aliye chini ya miaka 18, kwetu harekodiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Na mambo mazito mkumbuke kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku watoto wanahesabiwa kuwa wanasikiliza. Makala yako ikiwa na matusi ama maelezo ya kutisha, niambie mapema, nisije nikaipangia saa kumi jioni.

Pesa. Ulizeni. Kabla ya kurekodi, si baada. Uliza unalipwa kiasi gani, lini, na zile rekodi nzima, si makala tu, zinabaki mali ya nani. Mhariri akikunja uso kwa swali hilo, chukua soksi yako uondoke. (Kicheko.)

Nimezidisha muda. Maswali.

(Msichana mmoja aliuliza afanye nini kituo kisipojibu.)

Subiri wiki mbili, andika tena, mistari miwili tu. Wengi wanakata tamaa mara ya kwanza, na mimi, wallahi, wakati mwingine barua nimeiona na nimeisahau. Ukipiga simu usipige asubuhi, tuko hewani.

(Kijana mwingine alisema kwao hakuna kitu, ni watu wa kawaida tu, babake ni bawabu wa usiku Nyali.)

Wa usiku? Anafanya nini saa tisa za usiku ili asilale?

(Akasema anaongea na bawabu wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, kwa tochi. Wana ishara zao.)

Kwa tochi. Na wewe unazijua hizo ishara?

(Akasema anazijua mbili.)

Mdogo wangu, ukitoka hapa usiende popote kabla hujaniona. Na hiyo ni redio, kwa hivyo utanieleza tochi inasikika vipi. Sijui, nami nataka kujua. Mwingine?

(Bibi mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliuliza kama yule mama wa Likoni aliisikiliza makala yake.)

Aliisikiliza. Mwanawe alimuwekea kwenye simu, usiku, kabla haijakwenda hewani, kama nilivyomwagiza. Alisikiliza mpaka pale penye sekunde tisa. Akasema sauti yake mbaya, kumbe anaongea kama mwanamume. Akasema irushwe tu. Halafu akaenda kukanda unga, maana ilikuwa saa nne na mahamri ya asubuhi hayangojei.