Kwa nini namtoa mpangaji wangu wa Tabata

Jamani hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni. Video hii sikuipanga, ila swali ni lilelile tangu wiki iliyopita: "Dada, wewe uliyelia hapa ulipotolewa kwenye nyumba Toronto, mbona na wewe unamtoa mpangaji wako?" Wengine wanasema najitapa nina nyumba. Vyumba vitatu nilivyojenga miaka tisa, nje mpaka leo hakuna plasta. Sina cha kutambia. Mama ametoka Korogwe, ana kliniki Muhimbili kila mwezi, na kwa dada Kimara ngazi zinamshinda. Nataka akae kwenye nyumba hii. Basi.

Na kweli nililia. Hapa Ontario mwenye nyumba akitaka mwanawe au mzazi wake aingie, anakupa fomu inayoitwa N12, notisi ya siku 60, na lazima akulipe kodi ya mwezi mmoja. Nililipwa. Bado iliniuma, kutafuta nyumba Februari na theluji ile. Ndiyo maana hili la Tabata limeninyima usingizi.

Mkataba wetu una notisi ya miezi mitatu. Hapo hatuna ugomvi, ugomvi uko kwenye hela. Mpangaji alishalipa mwaka mzima, laki tatu na nusu kwa mwezi, mpaka Machi. Anatoka Desemba, watoto wakifunga shule. Yeye ndiye aliyeomba hivyo. Kodi ya miezi ambayo hatakaa, mkataba haukuigusa kabisa. Nimemrudishia ya miezi mitatu, 1,050,000, nikaongeza ya mwezi mmoja kama nilivyofanyiwa mimi. Jumla 1,400,000. Kaka akaja juu: "Ukimpa hela kabla hajatoka, hatoki huyo." Kuna ndugu akasema mkatie maji. Mkatie maji! Mtu ana watoto watatu ndani. Na Dar mnaijua: nyumba nyingine ya bei hiyo mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, 2,100,000, na dalali naye anataka mwezi wake. Hela nimshikie mpaka ahame, ahamie wapi?

Kilichonitesa zaidi ni makaratasi. Hati ya uwakilishi, ili kaka asaini kwa niaba yangu, nimeifanya mara mbili. Mwanasheria wa huku alisahau namba ya kiwanja, Dar wakaikataa, nikalipa ada upya na kukosa kazi siku nzima. Huku siku usiyofanya kazi hulipwi. Halafu jioni hiyohiyo napokea ujumbe kutoka nyumbani: "Dola unazo, unalialia nini?" Iliniumiza, nasema ukweli.

Sisemi na wewe ufanye kama mimi. Mpangaji wangu ni muungwana, wako huenda ana mambo mengine. Akigoma kutoka, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, usitume vijana wamtolee vitanda nje. Na kama unaandika mkataba sasa hivi, weka kipengele cha kurudisha kodi. Mimi sikuweka, nimejifunza kwa hela yangu.

Jumatatu kaka na mpangaji wameandikiana pale serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri, hela ikaingia kwenye simu ya mpangaji. Usiku akanipigia. Amesema umeme utakaobaki kwenye LUKU atamwachia mama.