Kipi Kibaki Ofisini, Kipi Kiende Winguni

Ndugu wafanyabiashara wa Moshi, na mafundi mliokaa kule nyuma, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie wingu, yaani kukodi kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti, kwa biashara ndogo na za kati. Naanza na swali ambalo muuzaji wa huduma hiyo hapendi kuulizwa: intaneti ikikatika saa nne asubuhi, kazi ipi lazima iendelee?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Duka ambalo mauzo na stoo vyote viko kwenye seva (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine) ya nje ya nchi, siku kama ile linarudi kwenye kalamu na daftari. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mauzo, stoo na uhasibu vibaki ofisini, tovuti, barua pepe na mfumo wa wageni kuweka nafasi viende winguni. Barua pepe hasa msijaribu kuiendesha wenyewe. Nusu ya ujumbe wenu utaishia kwenye taka za mpokeaji, na hamtajua kwa nini.

Kwa vile vya ofisini, hamhitaji kompyuta tatu. Seva moja yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 32 na SSD mbili, yaani diski za kasi, zinazoakisiana, kila moja ikibeba data ile ile, inatosha ofisi ya watu kumi na tano, ikigawanywa kuwa mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya kompyuta moja. Ikila wati 60 usiku na mchana, kwa mwezi ni yuniti 43 hivi. Programu ya kugawia ninayoipendekeza ni Proxmox: haidai leseni, imejengwa juu ya Debian, toleo mojawapo la mfumo endeshi wa Linux, na inatumia KVM, kiendesha mashine pepe kilicho ndani ya kiini cha Linux tangu 2007. Wengi walihamia huko baada ya kampuni ya Broadcom kuinunua VMware, yenye programu kama hiyo ya kulipia, Novemba 2023 na kusitisha kuuza leseni za kudumu.

Kabla ya kuweka chochote, ingieni kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla haijawaka, muwashe VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel kuendesha mashine pepe, au AMD-V kama prosesa ni ya AMD. Isipowashwa, mashine pepe itagoma kuwaka, na fundi atahangaika na mipangilio isiyo na kosa. Kisha gaweni RAM kwa gigabaiti: 4 ya Proxmox yenyewe, 12 ya Windows yenye uhasibu, 4 ya mafaili, na inayobaki msiimalize. Mkitumia ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski, iwekeeni kikomo, maana nayo hushika RAM kuhifadhia data ya muda. Prosesa mnaweza kuigawa zaidi ya uwezo wake halisi, kwa sababu mashine hazifanyi kazi nzito zote kwa wakati mmoja. RAM haivumilii mchezo huo. Ikiisha, Linux huzima programu ili ijiokoe, na mara nyingi huchagua iliyo kubwa. Kubwa kwenu ni ipi? Ile ya uhasibu.

Kuna kosa ninaloliona mara nyingi. Kisakinishi cha Windows hakioni diski ya mashine pepe, basi fundi anabadilisha diski iwe ya aina ya IDE, mtindo wa zamani wa kuunganisha diski. Inaonekana, kazi inaendelea, na kuanzia hapo mfumo unatambaa. Dawa ni kupakia draiva za VirtIO, programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuitambua diski pepe, pale pale kwenye usakinishaji, diski ibaki ilivyo. Na leseni: Windows Server Standard inaruhusu mashine pepe mbili kwenye seva moja, mkishalipia kori zote (viini vya prosesa), kiwango cha chini 16.

UPS, betri ya akiba umeme unapokatika, iunganishwe na seva kwa waya wa USB, na programu ya NUT iwekwe ili izime mashine pepe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. UPS isiyo na waya huo inachelewesha tu kuharibika kwa hifadhidata.

Sasa bakapu, yaani nakala ya akiba ya data. Diski zinazoakisiana si bakapu. Ukifuta faili, limefutika kote. Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani, iliyo kwenye diski zile zile nayo si bakapu.

Nakala moja iende winguni, na kwa hiyo pigeni hesabu ya kasi ya kupakia, ile ambayo tangazo huiandika kwa herufi ndogo. Gigabaiti 200 kwa megabiti 10 kwa sekunde ni sekunde 160,000, yaani saa 44. Anzeni Ijumaa jioni. Baada ya hapo yatumwe mabadiliko tu: gigabaiti 2 kwa siku ni dakika 27. Kuzirudisha 200 kwa megabiti 50 ni saa tisa, ndiyo maana nakala nyingine lazima ikae kwenye kifaa tofauti ofisini, irudi ndani ya saa moja au mbili. Tena someni bei ya kutoa data, siyo ya kuweka tu. Hifadhi za bei ya chini kabisa, kama Glacier Deep Archive ya Amazon, kwa utaratibu wa kawaida zinaweza kukusubirisha hadi saa 12.

Wenye hoteli na kampuni za kupandisha wageni mlimani mnatunza nakala za pasi za kusafiria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Ulizeni kabla ya kutuma.

Na mkituma, zifungeni kwa ufunguo wa siri kwanza. Ufunguo huo msiuache ndani ya seva peke yake: seva ikiungua au ikiibwa, nakala iliyoko winguni haitafunguka kamwe. Uchapisheni kwenye karatasi, ufungiwe kwenye sefu, na kila miezi mitatu jaribuni kurudisha mashine moja kutoka kwenye nakala hiyo mkitumia ufunguo wa karatasi hiyo.