Betri Imesingiziwa

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote. Naona madereva wamekaa mbele na vijana wa gereji wamejibanza nyuma karibu na mlango. Sogeeni, wanangu, leo simchagui mtu kumuuliza maswali. Leo tunazungumzia gari linalokataa kuwaka, na betri inayosingiziwa kila mara.

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa nyuma, hapa hapa Tanga, mwalimu mmoja aliniletea Corolla ya 1993 ikisukumwa na wanafunzi wake. Alikuwa ameshanunua betri mpya, na risiti ilikuwa bado mfukoni. Nikazungusha funguo. Ta! Mlio mmoja, kisha kimya. Nikaweka mita ya umeme kwenye betri, ikasoma volti 12.6, yaani imejaa. Basi nikasema kwa sauti ya fundi asiye na shaka: stata, ile mota inayozungusha injini iwake, imekufa. Tukafunga stata ya mtumba, gari likawaka, mwalimu akalipa. Siku ya tatu wale wanafunzi wakarudi wanasukuma.

Safari hiyo nilikuwa na aibu, na aibu humfanya mtu atazame vizuri. Nikamwambia mwanangu azungushe funguo huku taa kubwa zimewashwa. Taa hazikufifia hata kidogo. Hilo peke yake lilitosha kuniambia, ila siku ya kwanza sikulitazama. Betri ikiwa chovu, stata ikiomba moto, taa hulegea zikawa nyekundu kama kaa la sigara. Hizi zilikuwa nyeupe pepe. Nikashika waya wa ekseleta, huu wa kuvutia mafuta, ukanichoma vidole. Jiulizeni, waya wa mafuta unapashwa na nini?

Umeme wa stata hautoki betri ukaishia kwenye stata. Lazima urudi nyumbani. Unapita mwilini mwa injini, unashuka kwenye waya mnene wa ethi, unaingia betri upande wa hasi. Waya ule wa Corolla ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake. Nje mzima, ndani unga wa kijani. Umeme ukakosa barabara, ukapita uchochoroni, kwenye waya wa ekseleta. Taa hazikujua kitu kwa sababu zina waya wao mdogo wa ethi unaokwenda kwenye bodi.

Sasa, kwa nini mita ilinidanganya? Haikunidanganya, mimi ndiye niliyeiuliza wakati betri imelala. Chukua bomba la mtaani. Funga koki, mle ndani presha imejaa tele. Fungua, linatoka tone moja kwa sababu bomba limeziba kutu. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200. Mkondo ukiwa ampea 150, ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu unakula volti moja na nusu. Sehemu moja ya mia! Mita ya kawaida ukiiweka kwenye omu hata haiuoni. Na ile taa ya kupimia tunayoipenda, inavuta ampea kidogo sana, itawaka kwa furaha kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja.

Kwa hiyo umeme unapimwa ukiwa kazini. Mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye kibano chake, maana uchafu hukaa baina ya hivyo viwili. Ncha ya pili kwenye chuma kisafi cha injini. Mwenzako azungushe funguo. Ikisoma chini ya volti 0.3, ethi yako ni nzima. Ile ya mwalimu ilisoma karibu volti 4. Halafu upande wa chanya: kutoka kichwa cha betri hadi ile bolti nene ya stata. Hapo ukiona zaidi ya nusu volti, kuna mahali panakula. Fuata kipande kwa kipande mpaka umkamate mwizi. Na betri yenyewe ipimwe wakati huo huo: stata ikizunguka isishuke chini ya volti 9.6.

Kabla ya hayo, gari liwe nyutro, hendibreki juu, jiwe chini ya tairi. Nimeona kijana akibanwa ukutani na gari lililoachwa kwenye gia.

Ndiyo, wewe mwenye kofia. Anauliza: nikikuta nyaya zote nzima na bado inapiga ta? Vizuri. Pima ule waya mdogo unaotoka kwenye swichi ya funguo kwenda kichwani kwa stata, wakati funguo imezungushwa. Volti zikiwa 7 au 8 wakati betri inasoma 11, swichi ya funguo imechoka au kuna kiungo njiani kimelegea. Gari la oto, jaribu kuliwasha kwenye N badala ya P, pengine swichi ya gia ndiyo yenye kiburi. Moto ukiwa kamili pote na stata haigeuki, fungua kichwa cha stata. Stata za Denso kwenye Toyota hizi zina vipande viwili vya shaba mle ndani, na vinalika. Badilisha vipande hivyo, bei yake haifanani na ya stata. Na ule mchezo wa kugonga stata kwa nyundo likawaka, si uchawi: makaa ya ndani ya stata, yale yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, yameisha, unayatikisa yaguse kidogo. Yatakuacha njiani, na kwa kawaida ni usiku.

Ikipiga ta-ta-ta-ta mfululizo, hapo ndipo betri inaposhukiwa kwa haki, au vichwa vyake. Sisi wa pwani chumvi inatula. Maji ya moto yenye magadi, brashi ya waya, kaza, paka grisi.

Mama wa teksi pale anasema lake linawaka mchana kutwa, asubuhi limekufa. Mama yangu, injini ikinguruma pima betri: ikisoma volti kati ya 13.8 na 14.4, alteneta inayochaji betri iko sawa. Basi usiku kuna kitu kinanyonya. Zima kila kitu, chomoa waya wa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha hasi cha betri, usubiri kidogo. Miliampea 50 si neno. Ukikuta 300, betri ya ampea-saa 45 itapoteza zaidi ya nusu kwa siku nne, na ikiwa kuukuu haifiki hata siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi ni redio iliyofungwa na mtu wa barabarani, au taa ya buti.

Stata ikizunguka kwa nguvu na gari haliwaki, hayo ni mambo ya plagi, koili na pampu, yana siku yake. Ila wenye dizeli za zamani: funguo ikifika "on", sikilizeni pampu ya mafuta, pawe na mlio mdogo, tik. Usipousikia, kagueni waya wa ile selenoidi inayofungulia mafuta kabla ya kumwita mtu wa pampu.

Nje nimeegesha Land Rover yangu, na jana usiku nimelegeza kiungo kimoja makusudi. Sisemi kipi. Wewe mwenye kofia shika mita, mama azungushe funguo. Na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono nimeificha, msije mkaitafuta.